Shoki mbili, mlima mmoja: kabla hujanunua ile baiskeli ya mtumba

Wiki mbili zilizopita jamaa mmoja wa Keroka alinitumia picha kwa simu. Baiskeli ya mlima, ya mtumba, shoki mbele na shoki nyuma, fremu ya alumini, rangi ya chungwa. Chini ameandika: "Ex-UK. Elfu kumi na nane. Kwa sababu ni wewe."

Wale mnanifuata mnajua mimi ni mtu wa lami. Baiskeli yangu ni ya resi, tairi nyembamba kama kidole, na kila Jumapili asubuhi natoka Gesima kuitafuta barabara ya Kisii–Keroka–Sotik. Shida ni kile kipande cha kabla ya lami. Mvua ikinyesha, na kwetu hainyeshi kidogo, udongo mwekundu unageuka sabuni na mimi naibeba baiskeli begani kama mkungu wa ndizi. Nikifika kwenye lami, matatu nazo zinapita karibu hadi nasikia kioo kikikata upepo kando ya kiwiko. Kwa hivyo ile picha niliiangalia usiku mzima. Njia za kwenye majani chai, njia za mtoni, vichochoro vya migomba, zote niliziona zikifunguka.

Lakini kabla sijatoa pesa, mimi hupenda kujua kitu kimetoka wapi. Nikaanza kufuatilia: baiskeli yenye shoki mbili ilizaliwa wapi, na ilitengenezewa mlima gani? Nilichokipata kimenifanya nibadilishe mawazo kuhusu mtumba wenyewe, si hiyo baiskeli tu. Wacha niwapitishe polepole.

Chuma cha babu

Tuanzie nyumbani. Kabla ya gia na shoki, huku kulikuwa na Black Mamba. Babu yangu alikuwa na moja, na nina hakika wengi wenu mna hadithi kama hiyo. Ukoo wake ni wa Uingereza: ni baiskeli ya muundo uliosambazwa duniani na kampuni kama Raleigh, iliyoanzishwa Nottingham mwaka 1887. Baadaye Wahindi na Wachina wakachukua muundo ule ule wakautengeneza kwa bei nafuu. Hero ya Ludhiana, India, ilianza mwaka 1956, na kufikia 1986 ilikuwa imeingia kwenye kitabu cha Guinness kama mtengenezaji mkubwa wa baiskeli kuliko wote duniani. Kutoka Shanghai kukaja Phoenix. Zote ni ndugu: magurudumu ya inchi 28, breki za fimbo za chuma, gia moja, keria nyuma ya kubeba gunia au mtu, na uzito wa karibu kilo 20.

Gusii ni kati ya sehemu za kwanza Kenya ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa, miaka ya 1930. Baadaye kukawa na pareto, halafu chai. Mwenye zao la kuuza alihitaji kufika sokoni, na baiskeli ilikuwa chombo cha kwanza ambacho mtu wa kawaida angeweza kununua na kukimiliki mwenyewe bila kuwa mzungu wala chifu.

Ila kuna kitu watu wa nchi tambarare hawakielewi. Kule Busia, mpakani na Uganda, vijana wa miaka ya 1960 walianza kubeba abiria kwenye keria, kutoka mpaka hadi mpaka, na jina boda boda likazaliwa hapo. Kisumu nako baiskeli ikawa teksi. Huku kwetu vilima vilikataa hiyo biashara. Kwetu baiskeli ilikuwa punda. Unaipakia ndizi, unaisukuma ukipanda, unaishikilia kwa nguvu ukishuka. Kuketi juu yake ilikuwa ni zawadi ya sehemu chache zilizo sawa.

Na ilidumu. Kwa nini? Kwa sababu hakukuwa na kitu ndani yake ambacho fundi wa chini ya mti hangeweza kukifungua. Spana mbili, nyundo, grisi, kipande cha tyubu kuukuu. Fremu ikivunjika, inapelekwa kwa mtu wa kuchomelea, kesho iko barabarani. Babu aliinunua kutoka kwa mwalimu aliyekuwa ameitumia miaka, kwa hivyo hata hiyo ilikuwa mtumba. Hakuna aliyeiita hivyo.

Miaka ya mwisho ya 1980 serikali ikapunguza kodi ya baiskeli, na watu wengi zaidi wakaweza kununua. Halafu mwaka 2008 ikaondoa ushuru wa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250. Mnajua yaliyofuata. Boxer na TVS zikajaa kila kona, na mlima uliokuwa umemshinda mtu wa baiskeli ukapandwa kwa dakika tatu na abiria wawili na mtungi wa gesi. Black Mamba ikapoteza kazi. Baiskeli ikabaki ya watoto, na ya watu kama mimi wanaovaa kaptura za kubana na kuulizwa na mama mboga kama nyumbani hakuna nguo.

Wahuni wa lami na chuma cha jalalani

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu ile ya rangi ya chungwa si mjukuu wa Black Mamba. Ukoo wake uko California, Marekani, kaskazini ya jiji la San Francisco, kwenye mlima unaoitwa Tamalpais.

Miaka ya 1970 kulikuwa na kikundi cha vijana pale. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda: wengi walikuwa watu wa lami, kama mimi. Gary Fisher alikuwa akikimbia mashindano ya barabarani tangu ana miaka 12, na mwaka 1968 waandalizi walimzuia kushindana kwa sababu nywele zake zilikuwa ndefu. Joe Breeze naye alikuwa mkimbiaji wa barabarani. Charlie Kelly alikuwa rafiki yao. Walikuwa na baiskeli nyepesi za resi za kwenda nazo mashindanoni, lakini za kuchezea mlimani walizitafuta kwa wauza vyuma: Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, tairi nene za inchi 26, zilizotupwa, bei yake dola chache. Schwinn walikuwa wameleta tairi hizo nene mwaka 1933 kwa ajili ya watoto, zistahimili kurushwarushwa. Uzito wake ulikuwa kilo 20 na zaidi. Yaani, kwa uzito, walikuwa na Black Mamba yao.

Tarehe 21 Oktoba 1976 wakafanya shindano la kwanza la kushuka, kwenye njia ya vumbi ya karibu kilomita 3 inayoanguka karibu mita 400. Ilikuja kuitwa Repack. Breki ilikuwa ndani ya habu ya nyuma, ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume, na ukifika chini ilikuwa imepata moto hadi grisi yote imeungua na kutoka moshi. Ilibidi uifungue na kuipakia grisi upya. Ndiyo maana ya hilo jina.

Fikiria hapo kidogo. Mchezo mzima wa baiskeli za milimani, ule unaouzwa leo kwa mamilioni, ulianza na watu wa lami walionunua mtumba na kuufungua kila baada ya kushuka mara moja. Hawakuwa na aibu ya mtumba. Walikuwa na spana.

Kutoka hapo mambo yakakimbia. Mwaka 1977 Breeze akatengeneza fremu mpya ya kazi hiyo tu, na ile ya kwanza sasa iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Mwaka 1979 Fisher na Kelly wakafungua biashara ya kuuza, fremu zikitengenezwa na Tom Ritchey. Mwaka 1981 Specialized wakaleta Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani kwa wingi, na mtu yeyote mwenye pesa akaweza kuingia dukani akatoka na baiskeli ya mlima. Mpaka hapo bado haina shoki hata moja. Ni fremu, tairi nene, gia nyingi na breki nzuri. Fundi wa Keroka angeifungua akiongea na simu.

Kuna jambo moja ambalo nusura nilipite. Wale jamaa wa Repack, mara nyingi, walifikaje juu? Walipakia baiskeli kwenye pikapu. Chuma cha kilo 20 hakikutengenezewa kupanda. Mlima wao ulikuwa wa upande mmoja.

Shoki ilitoka kwa pikipiki

Mwaka 1989 kijana aliyetoka kwenye ulimwengu wa pikipiki za mashindano, Paul Turner, akaanzisha RockShox na kuleta shoki ya mbele ya baiskeli. Mwaka uliofuata, 1990, kukawa na mashindano ya kwanza rasmi ya dunia ya baiskeli za milimani, Durango, Colorado. Greg Herbold alishinda mbio za kushuka akiwa na shoki hiyo. Baada ya hapo kila kampuni ilitaka shoki mbele, na miaka michache baadaye kila moja ilikuwa inajaribu kuweka nyingine nyuma.

Angalia Boxer yoyote ya stendi. Nyuma ina shoki mbili, mbele ina zake. Inapita shimo, dereva hata hashtuki. Sasa kwa nini baiskeli isifanye hivyo? Kwa sababu ya injini. Pikipiki ikipoteza nguvu kidogo kila springi inapobonyea, anayelipa ni petroli. Baiskeli ikipoteza, unayelipa ni wewe, kwa mapaja. Ukisimama kwenye pedali kupanda, baiskeli ya shoki mbili mbaya inainama na kuinuka, inainama na kuinuka, kama mtu anayekubali kila unachosema bila kukusaidia.

Na springi peke yake si shoki. Springi ukiibonyeza inakurudishia kila kitu ulichoipa, kwa hivyo inakurusha. Shoki ya kweli ina oili ndani inayopita kwenye vitundu vidogo. Hiyo oili ndiyo inayopunguza kasi ya kurudi, gurudumu libaki chini. Wahandisi walipigana na tatizo hili zaidi ya miaka 20: viungo vya fremu, hewa badala ya springi, vali za oili, swichi ya kufunga shoki ukipanda. Walifika. Mwaka 2012, Olimpiki ya London, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alichukua dhahabu kwenye mbio za kupanda na kushuka akiwa na shoki mbele na nyuma, mbele ya Nino Schurter wa Uswisi aliyekuwa na fremu ngumu nyuma. Kwa hivyo mtu asikwambie shoki mbili haziwezi kupanda. Zinaweza.

Lakini bei ya kufika hapo ilikuwa nini? Kila hatua iliongeza kitu kinachochakaa. Beringi kwenye kila kiungo. Sili za kuzuia oili. Hewa ya presha kubwa kuliko ya tairi, inayohitaji pampu yake ya peke yake. Na kila kampuni ikawa na kipimo chake cha shoki ya nyuma, urefu wake, upana wa bolti zake. Modeli ikiondolewa sokoni, kupata spea zake kunageuka kazi ya kuwinda. Baiskeli iliyoanza kama kitu cha kufunguliwa kila wikendi ikawa kitu kinachosubiri kifurushi kutoka ng'ambo.

Kontena la Mombasa

Hapo ndipo historia yao inakutana na yetu. Baiskeli wanazozichoka Ulaya hushuka bandarini Mombasa kwenye makontena, pamoja na viatu na friji, na ndizo tunaziita ex-UK. Sisemi ni vibaya. Nenda kijijini Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu, ambako David Kinjah ameendesha Safari Simbaz miaka mingi. Ni nyumba iliyojaa fremu na magurudumu, na watoto wanafundishwa kutengeneza sawa na kuendesha. Chris Froome alijifunzia huko akiwa kijana, na akaja kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Historia ya mchezo huu Kenya imejengwa juu ya vyuma vilivyotumika na mikono inayojua kuvifungua. Mtumba ulikuwa nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ilikuwa mikono.

Na kwenye kontena moja kunakuja aina mbili zinazofanana kwa macho. Kuna ile ya maana, iliyokuwa ghali, ambayo mwenyewe ameiacha kwa sababu shoki imekufa na kuitengeneza ni pesa. Na kuna ile ya supamaketi: chuma kizito, springi kubwa iliyopakwa rangi nyekundu nyuma ya kiti, haina tone la oili. Hiyo iliwekewa springi ili mtoto aione dirishani alie hadi anunuliwe. Hakuna mlima iliyotengenezewa, wa kupanda wala wa kushuka.

Jumamosi, Keroka

Nilienda kuiona. Soko limejaa, ng'ombe huku, viatu kule, na ile chungwa imeegemezwa kwenye nguzo ikiwa imepanguswa na mafuta mpaka inang'aa. Ilikuwa ya aina ya kwanza, ya maana. Magurudumu ya inchi 26, kwa hivyo ni ya kabla ulimwengu haujahamia inchi 29 na 27.5. Hilo halikunisumbua. Tairi na tyubu za 26 ziko kila duka huku, za 29 utazitafuta. Kilichopitwa na wakati Ulaya, hapa ndicho chenye spea.

Nikabonyeza kiti kwa uzito wangu wote, nikaachia ghafla. Kikaruka juu, kikarudi, kikaruka tena. Mara tatu. Oili hakuna humo, au imekufa. Nikashika gurudumu la nyuma, nikalisukuma kushoto na kulia: tak, tak. Viungo vimelegea. Shoki ya mbele ilikuwa na mkwaruzo mmoja kwenye bomba, si wa kutisha. Nikaipindua, nikaangalia namba chini ya pedali, haijakwanguliwa. Nikauliza risiti. "Risiti ya ex-UK?" jamaa akacheka. Mimi sikucheka. Baiskeli za watu huibiwa pia.

Nikaisukuma hadi kwa fundi mmoja mzee pale karibu, yule aliyewahi kufunga breki za Black Mamba za nusu ya Masaba. Nikamsalimia, nikamwambia, "Mzee, niangalizie hii." Akaizunguka mara mbili bila kusema kitu. Akagusa ya mbele. "Hii naweza." Akainama, akaangalia ya nyuma kwa muda. "Hii sijawahi kufungua, kijana wangu. Na sitaki kujifunzia kwa pesa yako."

Hiyo sentensi ina thamani kuliko video zote nilizotazama.

Nikaomba kuijaribu. Nikapanda nayo kamlima kalikoko nyuma ya soko. Ilikuwa inainama na kuinuka, inainama na kuinuka. Kushuka, wacha niwe mkweli, ilikuwa raha. Mawe niliyoyaogopa maisha yangu yote yalipita chini kama hayapo. Dakika moja ya raha. Halafu nikakumbuka pikapu ya Repack. Gesima hakuna wa kunipakia. Kila mteremko wa kwetu lazima uwe umeulipia kwanza kwa kuupanda.

Maoni yangu

Kama wewe ni mtu wa lami na unataka kutoroka matatu uingie njia za udongo, nenda mtumba bila aibu. Waliovumbua huu mchezo walifanya hivyo hivyo. Ila nunua baiskeli ya umri ambao fundi wako anaufikia. Kwa vilima vya kwetu, hiyo ni fremu ngumu nyuma, shoki moja mbele au hata hakuna, tairi nene, inchi 26, breki zinazoshika. Utatingishika. Tingishika. Ukipunguza upepo kidogo kwenye tairi, nusu ya kazi ya shoki ya nyuma imefanyika bure.

Shoki mbili zinunue ikiwa kuna mtu unayeweza kumfikia ambaye amewahi kuifungua hiyo aina, na umeulizia sili na beringi zake kabla ya kulipa, si baada. Bei ya kweli ni ya muuzaji ukijumlisha ya kuifufua. Elfu kumi na nane iliyo na shoki iliyokufa si elfu kumi na nane.

Na kama unaenda kuangalia moja wikendi hii, kumbuka: bonyeza kiti, uachie, uhesabu. Ikirudi mara moja na kutulia, endelea kuongea. Ikiruka mara tatu, unaangalia springi, na springi utaipata kwa godoro.

Yule jamaa alinitumia ujumbe jana usiku. Sasa ni elfu kumi na nne. Bado sijamjibu. Jumapili nitabeba ile ya resi begani mpaka kwenye lami, kama kawaida.